Jicho Lililovimba Lataka Picha ya Kifua

Mkazi wa Free Area, Nakuru, mwenye jicho jekundu linalouma na kukimbia mwanga kwa kawaida huanzishiwa dawa ya matone, na mara nyingi hiyo hutosha. Lakini uvimbe ukiwa ndani ya jicho, yaani uveitisi, hasa ukishika macho yote mawili au ukirudi kila baada ya kutulia, picha ya kifua ni sehemu ya uchunguzi wa jicho lenyewe. Chanzo kimojawapo ni sakoidosisi, ugonjwa ambao seli za kinga hukusanyika na kuwa vinundu viungoni. Zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wake wana vinundu mapafuni au kwenye tezi za kifua, hata wasipokohoa. Kwa darubini, daktari wa macho huweza kuona matone mazito nyuma ya konea, yanayofananishwa na mafuta ya kondoo yaliyoganda. Matone hayo humwambia kwamba kuna vinundu, ila hayamwambii vimeletwa na nini, kwa sababu TB nayo huyaleta.

Hapo ndipo pingamizi kubwa huanzia: Kenya ina TB nyingi, ya nini kutafuta ugonjwa adimu? Ni hoja nzito, lakini uadimu huo huenda kwa sehemu umetokana na kutotafuta. Marekani, watu weusi huugua sakoidosisi zaidi ya weupe. Tena kosa huumiza pande zote mbili. Asiye na TB akimezeshwa dawa zake miezi sita, uvimbe unaendelea kula jicho, na ethambutoli, mojawapo ya dawa hizo, yaweza kudhuru neva ya kuona. Mwenye TB akipewa steroidi peke yake, kana kwamba ana sakoidosisi, vijidudu hupata nafasi ya kuenea.

Picha haimalizi kesi. Tezi zilizovimba kwa usawa kwenye mashina ya mapafu yote mawili huelekeza kwenye sakoidosisi. Za TB mara nyingi huegemea upande mmoja, na siti skani yenye dawa ya mshipani huweza kuonyesha kiini kilichokufa. Vigezo vya kimataifa vya sakoidosisi ya macho, vilivyorekebishwa mwaka 2019, huuhesabu ugonjwa kuwa wa hakika pale tu kipande cha nyama ya mwili kinapouthibitisha, na TB lazima itengwe kwanza. Peti skani, ambayo mgonjwa wa Nakuru huifuata Nairobi, haitenganishi maradhi haya, kwani yote mawili hung'aa. Faida yake ni kuonyesha pa kutoa kipande. Kwa hiyo haihitajiki mwanzoni, na gharama yake si sababu ya kukata tamaa: eksirei hutangulia, na siti skani hufuata iwapo eksirei ni safi ila shaka imebaki, kwa kuwa tezi ndogo huikwepa eksirei. Na daktari anayejaza fomu asiandike “eksirei ya kifua” tu. Aandike uveitisi, ili msomaji wa picha aziangalie tezi, si mapafu peke yake.