Kuponi za Punguzo la Kikundi: Nani Anakula Hasara?

Mwaka 2011, duka dogo la keki karibu na Reading, Uingereza, lilitangaza ofa kupitia Groupon: keki ndogo 12 za pauni 26 kwa pauni 6.50 tu. Watu 8,500 wakainunua. Zidisha mwenyewe: keki 102,000! Mwenye duka akalazimika kuajiri vibarua 25, na mwisho akapata hasara ya pauni 12,500. Faida yake ya mwaka mzima ikafutika.

Inakuwaje mtu auze keki nyingi hivyo halafu alie?

Groupon ilianza Chicago mwaka 2008, na ofa yake ya kwanza ilikuwa piza mbili kwa bei ya moja. Wazo lilikuwa rahisi: ofa haifanyi kazi mpaka watu wa idadi fulani wainunue, kwa hiyo kila mnunuzi anageuka mpiga debe. Kwetu si jambo geni sana. Majirani wanachanga, wananunua gunia la mchele kwa bei ya jumla, wanagawana.

Lakini hapo kuna tofauti ambayo wengi hatuioni. Anayeuza gunia anaokoa gharama kweli: mzigo mmoja, mteja mmoja, biashara imekwisha. Mgahawa uliouza kuponi 100 hauokoi kitu, maana wateja wanakuja mmoja mmoja, siku tofauti, na kila sahani inapikwa upya. Kwa hiyo lile punguzo ni gharama ya tangazo, basi.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Chakula ni shilingi 10,000, na viungo na mkaa vinakula 3,500. Kuponi inauzwa 5,000, na kampuni ya kuponi inachukua nusu. Mama mwenye mgahawa anabaki na 2,500, hasara ya 1,000 kwa sahani. Kuponi 100, hasara 100,000. Bado! Tuseme 30 kati ya hao ni wateja wake wa siku zote, ambao wangelipa bei kamili hata bila kuponi. Kwa kila mmoja amepoteza faida ya 6,500, jumla 195,000. Hasara yote sasa ni 295,000. Ili kuirudisha, wateja wapya 46 kati ya 70 warudi angalau mara moja na walipe bei kamili. Wewe ungerudi? Mimi, kusema ukweli, huwa nasubiri kuponi nyingine.

Sasa badilisha biashara. Darasa la yoga lina nafasi 20 na wanakuja watu 8. Mwalimu analipwa vilevile, taa zinawaka vilevile, kwa hiyo 2,500 ya mtu wa tisa karibu yote ni faida. Hoteli msimu wa mvua, viti vya sinema Jumanne mchana, ni yaleyale. Huko kuponi inalipa hata kama mteja harudi tena.

Mwaka 2010 mtafiti Utpal Dholakia wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, aliuliza biashara 150 zilizowahi kutumia Groupon. Asilimia 66 zilisema zilipata faida, 32 zikasema hapana. Ila zaidi ya 40 katika kila 100 hazikutaka kurudia.

Kwa mnunuzi, raha ni kujaribu mahali papya kwa bei poa. Kero ni tarehe ya mwisho, foleni, na kulipia kitu ambacho hukukihitaji tangu mwanzo. Kuponi usiyoitumia inamnufaisha aliyeuza, si wewe.

Na kama wewe ndiye mwenye biashara na umeshawishika, kabla ya kusaini uliza kwanza ukomo wa juu: kuponi ngapi zitauzwa, halafu basi? Lile duka la keki halikuwa limeweka.