Watoto wamepatana, mama zao bado wamenuniana

Jumapili, saa kumi jioni, uani kwa nyumba ya kupanga. Watoto wawili wa miaka minne wanagombea ndoo ndogo ya plastiki iliyokatika mshikio. Huyu anavuta, yule anavuta, mmoja anang'ata, mwenzake anapiga yowe. Mama wa aliyeng'atwa anatoka chumbani na kumshika mkono mng'ataji. Mama wa mng'ataji naye anatoka, mwiko ungali mkononi, anauliza nani amempa mtu ruhusa ya kumgusa mwanawe. Maneno yanaanza. Inatajwa hela ya LUKU ya mwezi uliopita, inatajwa zamu ya kufagia uwanja, zinatajwa hata nguo zilizowahi kuondolewa kwenye kamba zikiwa bado mbichi.

Kabla ya adhana ya magharibi watoto wale wameshakaa tena kwenye ngazi, wanachota mchanga kwa ndoo ileile. Mama zao hawatasalimiana kwa wiki tatu.

Yeyote aliyewahi kupanga chumba Manzese, Buguruni au Tandika anakijua kisa cha namna hii, na huenda aliwahi kuwa mhusika. Wapo wanaofikia kuhama nyumba. Wapo wanaopelekana kwa mjumbe, na mjumbe anapouliza chanzo ni nini, inabidi kwanza watu wavute kumbukumbu ndipo ndoo ya mtoto itajwe, tena kwa aibu.

Gharama ya kununiana huko si ndogo. Katika nyumba ya wapangaji wengi, jirani ndiye anayeanua nguo zako mvua ikikukuta kazini. Ndiye anayekaa na mtoto wako mkubwa usiku unapokimbiza mdogo hospitali na homa. Ndiye wa kwanza kugonga mlango msiba ukitokea, kabla ndugu hawajapanda basi. Salamu zikikatika, vyote hivyo vinakatika. Na mtoto anaambiwa, "Nisikuone tena kwa kina fulani," bila kuelewa amekosa nini, maana yeye na mwenzake walishamaliza siku ileile.

Watu wazima hupenda kusema kwamba watoto wanapatana haraka kwa sababu wanasahau. Mzazi anayesema hivyo ajaribu kumpunguzia mtoto wa miaka minne kipande cha nyama leo, halafu asubiri kesho aone kama amesahau. Mtoto anakumbuka vizuri sana. Anachotofautiana na sisi ni anavyoupima ugomvi wenyewe.

Jambo hili limewahi kufuatiliwa na watafiti, na safari yake ilianza mbali kidogo, kwa sokwe. Mwaka 1979 Frans de Waal, Mholanzi aliyechunguza tabia za wanyama, pamoja na mwenzake Angeline van Roosmalen, walichapisha walichokiona kwenye kundi la sokwe katika bustani ya wanyama ya Arnhem, Uholanzi. Baada ya kupigana, mara nyingi mahasimu walitafutana, wakagusana, wakakumbatiana, hata kubusiana. Baadaye watafiti wengine waliwatazama watoto kwenye shule za awali wakiwa na swali hilohilo: ugomvi ukiisha, nini hufuata?

Mwaka 1988 Willard Hartup wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu migogoro ya watoto wadogo. Walilinganisha watoto walio marafiki na wale wasio na urafiki wa karibu. Wengi wangetarajia marafiki wagombane mara chache zaidi. Haikuwa hivyo. Idadi ya ugomvi haikutofautiana, wala urefu wake. Tofauti ilikuwa kwamba marafiki hawakuwakiana sana, mara nyingi waliachana na lile jambo bila mmoja kumgandamiza mwenzake, na ugomvi ulipokwisha walibaki karibu karibu na kuendelea na walichokuwa wakifanya.

Walibaki karibu. Ukimtazama mtoto aliyetoka kugombana utaliona hilo. Analia, anajifuta kamasi kwa mkono, lakini haendi mbali. Anakaa hatua tano kutoka kwa mwenzake, anachezea kijiti, anachungulia. Baada ya muda anasogea, au mwenzake anamtupia kifuniko cha chupa bila kusema kitu, na mchezo unaendelea. Hakuna aliyeuliza nani alianza. Kwa mtoto mchezo una thamani kuliko ushindi, kwa sababu rede haichezwi na mtu mmoja, na kombolela ya peke yako ni kujificha tu.

Sisi hufanya kinyume kabisa. Kitu cha kwanza tunachokifanya ni kwenda mbali: mlango unafungwa, namba inazuiwa kwenye simu, njia ya kwenda dukani inabadilishwa. Cha pili ni kufungua faili. Ugomvi wa mtoto kuhusu ndoo unahusu ndoo. Wa mtu mzima unahusu ndoo, LUKU, harusi ambayo hukuchangia, na neno alilolisema dada yako mwaka 2019. Zamani mafumbo yalipita kwenye kanga, mtu ananunua jina linalomchoma jirani na kulipitisha mlangoni kwake mara tatu kwa siku. Siku hizi yanapita kwenye status ya WhatsApp, na hapo kuna hasara ya ziada, kwa sababu kanga ilimlenga jirani mmoja, lakini status inasomwa na watu mia mbili, na nusu yao wanadhani wamesemwa wao.

Watoto wanajua na jambo jingine, nalo linahusu kuomba radhi. Mwaka 2016 Marissa Drell na Vikram Jaswal wa Chuo Kikuu cha Virginia walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa miaka sita na saba. Mtoto alijenga mnara wa vikombe vya plastiki akiwa na mtu mzima pembeni. Mnara ukiwa unakaribia kukamilika, yule mtu mzima aliuangusha, ikaonekana kama bahati mbaya. Baadhi ya watoto waliombwa radhi papo hapo. Wengine waliombwa radhi baada ya mtu mwingine kukumbusha. Wengine hawakuambiwa lolote. Kundi la mwisho lilisaidiwa kuujenga mnara upya.

Watoto walioombwa radhi waliendelea kuumia sawasawa na wale ambao hawakuambiwa kitu. Waliojisikia afadhali ni wale waliojengewa upya. Hata hivyo neno la radhi halikupotea bure. Watoto walipopewa stika na kuulizwa wangemgawia yule mtu ngapi, walioombwa radhi, hata ile ya kukumbushwa, walikuwa wakarimu kuliko ambao hawakuombwa kabisa. Kwa hiyo neno liliusaidia uhusiano, na mkono ulioinama kuokota vikombe ndio ulioondoa maumivu.

Hapa ndipo watu wazima wengi hukwama. Mume aliyetumia hela ya kikoba ya mkewe husema "nisamehe" mara kumi, kisha hushangaa kwa nini mke bado amenuna. Hajaokota hata kikombe kimoja. Hela haijarudi, wala hajasema itarudi lini. Wengine hata neno lenyewe hulikwepa kwa kutumia "pole". Pole ni neno zuri, lakini unaweza kumpa mtu aliyejikwaa mwenyewe barabarani. Aliyemwaga maji ya jirani hatakiwi kusema pole. Anatakiwa kusema "nisamehe", kisha achukue ndoo aende bombani.

Upande wa pili wapo wanaookota vikombe lakini neno haliwatoki, hasa mbele ya watoto. Baba anamchapa mtoto kwa kupoteza rimoti. Baada ya saa moja rimoti inaonekana chini ya mto wa kochi, mahali alipokuwa amekaa baba mwenyewe. Jioni anarudi na biskuti na juisi, anambembeleza, ila hasemi kitu. Mtoto anakula biskuti, anamkalia baba mapajani, yameisha. Ila mtoto huyohuyo kesho anaamriwa, "Mwombe mwenzako msamaha!" na hajawahi kuona mtu mzima wa nyumba ile akifanya hivyo. "Mwanangu, nilikuchapa bure, nisamehe" ni sentensi fupi, na hakuna baba aliyewahi kupungukiwa heshima kwa kuisema.

Haya yasichukuliwe kwamba watoto ni malaika. Wanang'ata, wananyang'anya, wanasingizia. Na wanaporudi kucheza haina maana kila kitu kiko sawa. Mtoto anayepigwa kila siku na mtoto mkubwa zaidi, au anayegoma ghafla kwenda nyumba fulani aliyokuwa akiipenda, hagombani, anaumizwa, na kumwambia "patana na mwenzako" ni kumwacha peke yake. Huyo asikilizwe taratibu, bila vitisho, na mzazi aingilie. Hata kwa watu wazima ni hivyo. Anayepigwa na mwenzi wake hapaswi kuambiwa abaki karibu. Kinachozungumzwa hapa ni ndoo, LUKU na kamba ya nguo, vitu ambavyo kwa kweli ndivyo vinavyowatenganisha majirani na ndugu wengi kuliko makosa makubwa.

Kwa ugomvi wa aina hiyo kuna mengi ya kuiga pale kwenye ngazi. Salamu isikatwe, hata kama ni ya mdomo tu kwa siku za mwanzo. Kinachojadiliwa kiwe cha leo. Aliyekosea arudishe alichokiharibu, hata kama ni pini mbili za nguo. Na watoto wakishapatana wasirudishwe nyuma kwa maswali ya "alikupigaje, ebu nionyeshe", maana mtoto ataonyesha, tena kwa kuongeza chumvi, na moto utawaka upya.

Mara nyingine watoto wenyewe ndio huwarudisha mama zao pamoja bila kujua. Mwezi wa Ramadhani, katika nyumba nyingi za Pwani, sahani ya futari hupelekwa mlango kwa mlango, na anayetumwa ni mtoto. Mama anaweza kuwa hajamsemesha jirani tangu Shaabani, lakini kupitisha sahani kila mlango na kuuruka mmoja ni jambo zito, nyumba nzima italiona. Basi anapakua mihogo ya nazi, anaifunika, anamkabidhi mwanawe. Mtoto anavuka ua akiishika kwa mikono miwili, anagonga kwa mguu, anasema, "Mama amesema mfuturu." Kisha anamwona mwenzake ndani na kuingia moja kwa moja, amesahau kurudi. Mwenye nyumba anabaki na sahani mkononi, na anajua kama wote wajuavyo kwamba sahani ya jirani hairudishwi tupu. Anaingia jikoni kutazama alicho nacho.