Nduthi ya Guka Inazama Mbele Ukishika Breki? Hivi Ndivyo Unarudisha Shoki Zake Ukiwa Hapo Kwenu Kagio

Maboma mingi huku Kirinyaga iko na ile nduthi imefunikwa gunia nyuma ya stoo. Inaweza kuwa Yamaha DT175, ama Honda CG125, ile mashine Honda walitoa 1976 wakifikiria nchi kama yetu: injini rahisi, haitaki kubembelezwa. Siku hizi wasee wameanza kuzitoa huko nyuma. Wanaziosha, wanazipiga rangi, alafu ganji yote inaishia kwa tangi na ekzosi.

Sasa chukua msee ameshuka Kagio kutoka Baricho na nduthi inang'aa kama ya arusi. Ng'ombe anakatiza barabara. Msee anashika breki, pua ya nduthi inazama mpaka mwisho, inagonga "kla!", na tairi ya mbele inaanza kuruka kama mwana-mbuzi. Watu watasema breki ni mbaya. Zii. Hiyo ni shoki za mbele.

Hii maneno ni ya kuwa hai, si ya kujishow. Ukishika breki, uzito wako, wa abiria na wa ile kreti ya nyanya vyote vinakimbilia tairi ya mbele. Shoki ikishafika mwisho wa safari yake, tairi ikipata shimo haina pa kwenda, inaruka. Na tairi ikiwa hewani haina breki wala kona.

Ndani ya shoki kuna nini?

Vitu tatu tu: springi, oili na hewa. Springi inabeba uzito. Oili inapunguza mwendo wa springi, ndio nduthi isidunde kama mpira. Hewa iliyofungiwa juu ya oili nayo inafanya kama springi ndogo ya pili.

Nduthi za zamani ziko na mtindo rahisi: ndani ya kila mguu kuna fimbo yenye matundu, na oili inasukumwa kupitia hayo matundu. Shida ni kwamba tundu haliongezi upinzani pole pole. Mwendo wa shoki ukizidi mara mbili, upinzani unazidi kama mara nne. Ndio maana nduthi ya guka inazama kama godoro ukishika breki, lakini ukigonga tuta kwa spidi inakuwa ngumu kama jiwe. Ni mguu ule ule, ni mwendo tu umebadilika.

Ukijua hivyo, utaelewa mbona ile dawa ya kumwaga oili nzito ya injini ndani ya shoki haisaidii. Ndiyo, itazama pole pole. Lakini kila tuta sasa itakupiga mikono mpaka mabega.

Anza na kufufua, upgredi baadaye

Usinunue kitu kabla ya kufungua. Weka nduthi kwa stendi ya kati, ama jeki na mbao chini ya injini, mpaka tairi ya mbele iwe juu. Itingishe sana, iwe imara. Ikikuangukia ukiwa chini, hiyo ni ngori.

Kabla ya kutoa miguu, legeza bolti za klampi ya juu alafu ulegeze kidogo kifuniko cha juu cha kila mguu. Legeza tu, usitoe. Mguu ukiwa bado umeshikwa na klampi ya chini, hiyo kazi ni rahisi. Ukiwa umeutoa, utapigana nao kama uko kwa mieleka. Baadaye ukitoa hicho kifuniko, weka uso mbali, kwa sababu springi iko chini yake inataka kutoka.

Toa tairi, matgadi na miguu. Mwaga oili kwa mkebe. Oili ya miaka mingi itatoka nyeusi na inanuka samaki, usishtuke. Bolti ya chini kabisa mara nyingi inazunguka na fimbo ya ndani. Rudisha springi na kifuniko kwa muda, ili springi ikanyage fimbo, alafu ujaribu tena.

Sasa kagua:

- Bomba la chuma linalong'aa. Livingirishe juu ya kioo. Likidunda ama likionyesha mwanga chini yake, limepinda.
- Kutu. Vidoa vidogo unaweza kulainisha na msasa laini sana wenye oili. Lakini mashimo ya kutu pale sili inapopita yatakata sili mpya kabla ya wiki kuisha.
- Sili na mpira wa vumbi. Badilisha zote, pande zote mbili. Ile tope nyeusi ya mashamba ya mpunga Mwea ikikauka hapo, inageuka msasa.
- Springi. Pima urefu wa zote mbili na ulinganishe na kitabu cha nduthi. Zikiwa fupi, zimechoka.

Oili iwe ile ya shoki, uzito ambao kitabu kinasema. Nyingi za enzi hizo zinataka kama 10. Kiwango ni muhimu kuliko wasee wanavyodhani. Kama kitabu kinapima kwa urefu, toa springi, bonyeza mguu mpaka chini, usukume mara kadhaa kutoa hewa, alafu pima kutoka mdomo wa bomba mpaka usoni mwa oili. Miguu yote iwe sawa kabisa. Oili ikizidi, hewa inabaki kidogo, shoki inakuwa ngumu mwishoni na sili zinapasuka.

Sasa upgredi yenyewe

Ya kwanza ni springi. Funga ile kamba ya plastiki ya kufungia waya kwenye bomba, juu tu ya sili, tairi ikiwa hewani. Teremsha nduthi pole pole, kaa juu na mzigo wako wa kawaida, shuka bila kuidundisha, alafu inua tena na upime kamba imesogezwa umbali gani. Kama shoki inasafiri milimita 120, unataka kati ya 30 na 40.

Ikizama kupita hapo kidogo, unaweza kuongeza kipande cha paipu ya PVC juu ya springi, kimekatwa sawasawa, na washa juu na chini. Lakini skia: paipu inainua nduthi tu, haifanyi springi kuwa na nguvu. Ukihitaji paipu refu, hiyo springi haikutoshi. Tafuta yenye nguvu zaidi.

Ya pili ni emuleta, valvu ndogo inayokaa juu ya ile fimbo, imekanyagwa na springi. Race Tech wa Marekani ni kati ya wanaoziuza. Unapanua matundu ya fimbo ili yasizuie oili tena, na valvu inachukua hiyo kazi: inashika ukipiga breki, inafunguka ukigonga tuta. Pima bomba na kalipa kabla ya kuagiza, kwa sababu hazitoki saizi za kila mguu mwembamba. Na ukishatoboa fimbo, hakuna kurudi.

Kurudisha

Usidondoshe oili kwa breki. Ukishaingiza ekseli, shusha nduthi, sukuma mbele chini mara kadhaa ndio miguu ijipange, ndio ukaze klampi za mwisho. Ukikaza kabla, miguu itabana na kazi yote itakuwa bure.

Jaribu kwanza kwa barabara tupu, bila abiria. Bado inatikisika ukishika breki? Angalia beringi za usukani, hiyo si shoki tena.

Na kama bomba limepinda, usiruhusu mtu alinyooshe kwa nyundo. Tafuta lingine. Rangi ya tangi inaweza kungoja mwezi mwingine.