Panga Lipitapo Nyuma ya Mnara

Mwanafunzi wa Kilosa asafiriye kupitia Mikumi na Iringa hadi Mufindi ataona huko mitambo mitatu ya upepo, iliyoanza kazi mwaka 2020, yenye jumla ya megawati 2.4. Mapanga yake matatu hukaa mbele ya mnara, yakiukabili upepo. Mpango huo ulipatikana kwa hasara.

Mtambo mkubwa wa kwanza, wa kilowati 1,250, ulijengwa Vermont, Marekani, mwaka 1941. Mapanga yake mawili ya chuma, yenye kipenyo cha meta 53, yalikaa nyuma ya mnara, ili upepo wenyewe uyasukume mbali na nguzo. Machi 1945 panga moja lilikatika. Udhaifu wake ulikwisha kujulikana, lakini vita vilizuia matengenezo.

Mwaka 1975 NASA ilirudia kuweka mapanga nyuma, katika mtambo wa kilowati 100 huko Ohio. Mwanafunzi na asimame nyuma ya shina la mwembe siku ya upepo: atahisi hewa imepungua nguvu. Vivyo hivyo panga, kila lilipopita nyuma ya mnara, lilikosa upepo ghafula, kisha likapigwa tena. Mtikisiko ulizidi hesabu za wahandisi, hata ngazi za ndani ya mnara zikaondolewa ili hewa ipite.

Ajabu ni kwamba jawabu lilikwisha kuwapo. Huko Gedser, Denmark, mtambo wa Johannes Juul wa kilowati 200, wenye mapanga matatu mbele ya mnara, ulifanya kazi tangu 1957 hadi 1967. Hata hivyo mapanga ya mbele yana gharama yake: ni lazima yawe magumu yasipinde yakaugonga mnara, na mota iyageuze kila upepo ubadilipo.