Leza inavyopima gesi, na kitendawili cha methani kwenye Mirihi

KILA gesi ina aina yake ya mwanga ambayo huifyonza. Mwanga huo ukipenyezwa ndani ya gesi, hutoka upande wa pili ukiwa umefifia. Kadiri gesi ilivyo nyingi, ndivyo mwanga unavyopungua. Anayejua kiasi kilichoingia na kilichotoka aweza kukokotoa gesi iliyomo.

Leza huifaa kazi hii kwa kuwa mwanga wake ni wa aina moja tu, nao waweza kurekebishwa hadi ulingane na ule unaofyonzwa na gesi inayosakwa.

Kifaa cha namna hiyo kimo ndani ya Curiosity, gari la utafiti la shirika la Marekani la NASA lililotua kwenye sayari ya Mirihi Agosti 2012. Chumba chake cha kupimia kina urefu wa takriban sentimita 20 pekee, lakini vioo huurudisha mwanga huku na huko mara 81, hata ukasafiri karibu mita 17.

Kinachosakwa ni methani, gesi ambayo hapa duniani hutoka kwa wingi kwa viumbe hai, wakiwemo ng'ombe na mchwa. Hata hivyo, miamba pia huweza kuizalisha, hivyo kuipata si ithibati ya uhai.

Mnamo Septemba 2013 watafiti walitangaza kuwa hawakuiona. Mwaka uliofuata wakaripoti sehemu 7 katika kila bilioni ya hewa, na Juni 2019 sehemu 21. Ajabu ni kwamba chombo cha Ulaya kinachoizunguka sayari hiyo, kilichoanza kupima 2018, hakikupata chochote.

Wakosoaji walilishuku gari lenyewe, na si bure: liliondoka Florida likiwa na masalio ya methani ya dunia katika chemba inayopitiwa na mwanga kabla ya kufika kwenye chumba cha kupimia. Ndiyo maana watafiti hupima chumba kikiwa kitupu, kisha kikiwa na hewa ya Mirihi, na kutoa hesabu moja kwa nyingine.

Isitoshe, Curiosity hupima zaidi usiku, ilhali chombo cha Ulaya hutegemea mwanga wa jua. Gari hilo lilipopima mchana, nalo halikuona methani, kulingana na ripoti ya 2021. Yamkini basi vyombo vyote viwili vinasema kweli. Lakini methani hutarajiwa kudumu angani kwa miaka ipatayo 300. Itoweke vipi kabla ya adhuhuri?