Tindo Lahitaji Moto Mara Mbili

Tindo la kuchongea mawe likiwa butu hurudishwa kwa mhunzi, likafuliwa ncha upya na kunolewa. Kisha ncha hupashwa hadi iwe nyekundu na kuzamishwa majini, na wengi huona kazi imekwisha. Haijaisha, na tindo lililoachwa hapo ni la hatari. Sababu imo ndani ya chuma chenyewe. Chuma cha pua, kama springi kuukuu ya gari yenye kaboni ya takriban asilimia 0.6, kikifikia nyuzi 800 hivi za Selsiasi kaboni hiyo huenea mwilini mwake. Kikipozwa ghafla, kaboni hunaswa kabla haijapata njia ya kujitenga, na umbo zima la ndani hukazana. Huo ndio ugumu. Chuma laini cha nondo za madirisha, chenye kaboni kidogo mno, hakiupati hata kikizamishwa mara kumi.

Lakini mkazo huohuo hufanya makali yameguke kama kioo. Dawa yake ni moto wa pili, ulio mdogo. Fundi huzamisha ncha tu, sentimita mbili tatu, akaacha joto shinani, ambalo ndilo moto huo wa pili. Hulitoa tindo, akaisugua ncha kwa jiwe hadi ing'ae, kisha hutazama joto likishuka kuelekea nchani na kusukuma rangi mbele yake: manjano ya nyasi kavu kwenye nyuzi 220 hivi, hudhurungi, zambarau karibu na 280, mwisho buluu. Zambarau ikifika kwenye makali, na shina likiwa halina wekundu tena, huzamisha lote. Kichwa kinachopigwa nyundo hakigumishwi kamwe, kwa kuwa kikiwa kigumu hurusha vipande viwezavyo kupofua jicho.

Wapo watakaosema kwamba kulegeza ugumu ni kupoteza makali. Ni kweli yatahitaji kunolewa mara nyingi zaidi. Ila makali yaliyobutuka hurudishwa kwa jiwe, ilhali yaliyomeguka hudai ncha nzima ifuliwe upya. Wengine watasema grenda inatosha. Inatosha, maadamu chuma hakipati moto. Makali yakigeuka buluu kwenye grenda, yamekaribia au kupita nyuzi 300 na ugumu umepungua. Kuifuta rangi hakuurudishi. Ndiyo maana chombo huchovywa majini mara kwa mara wakati wa kunolewa. Basi anayenunua tindo asiulize tu kama ni gumu. Aulize pia kama lilipata moto wa pili.