Ukishuka Bonde la Rukwa, chukua chandarua

Kutembea kwa miguu ni jambo zuri kwa mwili. Moyo hupata nguvu. Usingizi huwa mzuri. Leo nataka tuzungumze juu ya matembezi ya Bonde la Ziwa Rukwa.

Sisi wa upande wa Sumbawanga tunakaa juu, kwenye baridi, kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko chini sana, kiasi cha mita 800. Katikati pana ukuta wa milima unaoitwa Lyamba lya Mfipa. Ukisimama ukingoni asubuhi unaliona bonde lote limetulia. Ziwa linang'aa kwa mbali kama bati jipya. Ziwa hili halina mto unaotoka. Maji huingia kwa mto Songwe na mito mingine, kisha hukaushwa na jua. Ndiyo maana maji yake yana magadi. Mvua ikiwa nyingi ziwa hutanuka, na ukame ukija hurudi nyuma.

Mimi na binamu yangu tulishuka kwenda kutembea tu. Watu walitucheka. Walisema, "Mnashuka bila mzigo wa kuuza?" Tulishuka alfajiri, tukala perege wa kuchoma, tukaangalia ndege ufukweni. Ilikuwa siku njema.

Usiku joto lilitushinda. Wenyeji wetu walitupa chandarua, lakini tulitandika mkeka nje, penye upepo. Mimi ni mganga wa zahanati. Kila wiki nawaambia akina mama walale ndani ya chandarua. Usiku ule nililala nje bila chandarua.

Mbu anayeleta malaria huuma usiku. Vijidudu vya malaria vikishaingia mwilini, homa haiji siku ile. Mara nyingi huja baada ya siku saba hadi kumi na nne, pengine zaidi. Wakati huo msafiri amekwisha rudi nyumbani, amesahau safari. Tena sisi wa juu hatuumwi na mbu mara nyingi kama watu wa bondeni. Miili yetu haikuzoea malaria. Kwa hiyo ikitupata inaweza kuwa kali, hata kwa mtu mzima mwenye nguvu.

Siku ya kumi na moja nilitetemeka. Mwenzangu wa zahanati alinitoboa kidole, akapima damu, akakuta malaria. Nilimeza dawa ya mseto asubuhi na jioni kwa siku tatu, pamoja na chakula. Sikuacha njiani, ingawa siku ya pili nilijiona mzima.

Binamu yangu alisema yake ni mafua ya baridi. Alikunywa chai ya tangawizi siku tatu. Siku ya nne alianza kusema maneno yasiyoeleweka, hata mama yake hakumtambua. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, tumemfunga kwa khanga asianguke. Alichomwa sindano za malaria kali. Alipona, lakini mama mkubwa hakuzungumza nami kwa muda mrefu. Alikuwa na haki.

Basi, ukishuka bondeni, beba chandarua chenye dawa, hata kama joto ni kali. Mjamzito aje kwanza zahanati tuzungumze. Ukipata homa katika wiki za baada ya safari, nenda upimwe siku hiyo hiyo, na umwambie mganga ulikotoka. Mganga wa huku juu asipojua ulikwenda bondeni anaweza kufikiria ugonjwa mwingine.

Maji ya kunywa chemsha. Usiingie ziwani kuoga, kwa maana mna mamba. Usitembee ufukweni usiku, viboko hutoka kula majani.

Kupanda ndiyo kazi. Anza kabla jua halijachomoza, beba maji ya kutosha, pumzika kila unapohema sana. Mwenye ugonjwa wa moyo au pumu asipande kwa miguu, apande gari.